Fukusi Sita na Lebo Nilizozichoma

Siku ya kwanza kazini nilimkuta Mkuu wa Maabara, Mama Mushi, ameinamia hadubini, punje za mahindi ya Kariakoo zimetapakaa mezani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kidato cha nne?"

"Ndiyo."

"Mikono inatetemeka?"

"Hapana, Mama."

"Basi utafaa. Wenye digrii wananivunjia wadudu miguu."

Alinifundisha kwamba kila jina la kitaalamu limefungwa kwa mdudu mmoja halisi, aliyechomwa pini na kuwekewa lebo. Huyo huitwa kielelezo. Watu wakibishania jina, anatazamwa yeye. Na mdudu akipewa majina mawili, lililochapishwa kwanza ndilo husimama.

Mwalimu wake, marehemu, ndiye aliyempa jina fukusi mmoja wa gunia la Kariakoo. Miaka mingi baadaye mtaalamu wa nje akamtangaza fukusi yuleyule kuwa mpya, kwa jina lingine. Mama alimwita aje akione kielelezo cha mwalimu.

"Marehemu hanyang'anywi fukusi wake," alisema. "Salumu, lete boksi."

Nililileta, nikalishikilia kifuniko. Wiki ile, nikitaka boksi lipendeze mbele ya mgeni, nilizitoa lebo chafu za fukusi wote sita, akiwemo yule wa kielelezo, kwa mara moja, nikazinakili upya kwa mwandiko mzuri, za zamani nikazichoma. Kuzirudisha, nilikisia. Na gunia lile lilikuwa na aina mbili zinazofanana, zote zimo humo.

Nilimweleza. Kisha nikaongeza kosa juu ya kosa: "Mama, tuseme unyevu wa Dar ndio ulioharibu."

"Unyevu hauna mwandiko mzuri hivi, Salumu."

Mgeni alipofika, Mama alimwambia, "Lebo zimechanganywa ofisini kwangu. Siwezi kuapa kielelezo ni yupi." Hakunitaja. Jina la mwalimu wake likawekwa kando. La mgeni ndilo liko vitabuni hadi leo.

Kesho yake aliniwekea boksi lingine mezani. "Mmoja mmoja. Lebo ya zamani haitoki. Yako inakaa chini yake." Nilifanya hivyo mpaka nikastaafu.

Nilipata wakuu wengine, wenye vyeo vikubwa kuliko chake. Sikumwona mwingine ambaye angeona heri kushindwa hadharani kuliko kushinda kwa lebo ya kukisia.

Mwaka huu nilipita maabara, vijana wakanitolea lile boksi. Fukusi sita bado wamo. Chini ya kila mmoja, kwa mkono wa Mama, kuna karatasi ndogo: "Huenda ni huyu."