Barua Iliyofika Baada Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini, kapiteni alinipa ufito mrefu uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, akanisimamisha mbele kabisa ya boti ya mizigo. "Pima maji, sema kwa nguvu," aliniambia. Kazi ilikuwa hiyo: kuchovya ufito, kusoma kina na kupaza sauti ili aliyeko kwenye usukani asitupandishe juu ya fungu la mchanga. Nilidhani ni kibarua cha wiki mbili. Nikazeekea pale, kati ya Kisangani na Bumba, chini ya makapiteni watatu.

Vijana wa leo mna simu. Sisi mtoni hatukuwa na mtandao, kwa hiyo mke wangu Mwamini nilimwandikia barua, nikazikabidhi kwa boti yoyote iliyokuwa ikipanda mto. Zilikwenda wazi, bila bahasha, mpaka kwa mwenye boti yetu kwetu mjini Kisangani, naye alizisoma kabla ya kumpa. Ndiyo maana kapiteni wa pili alinikemea.

"Petit, usiweke date! Patron akiona, atajua tulilala ku mchanga siku ngapi."

Nikatii. Nani angebishana na kapiteni?

Mwaka mmoja malaria ilinilaza Bumba. Nikamwandikia Mwamini kwamba nguvu zimekwisha, kwamba boti ikirudi wataniacha njiani kwenye kituo cha afya cha Isangi, na kama anaweza aje anichukue. Boti iliyobeba barua ikakwama. Mimi nikapona njiani, nikafika nyumbani, nikala samaki wiki nzima, nikaondoka tena. Barua sikuitaja. Nilidhani imepotea, na sikutaka kumtia hofu bure.

Safari hiyo mashine yetu iliharibika hata hatujafika mbali, tukarudi. Nilikuta nyumba imefungwa. Mama mkwe, aliyekaa jirani, aliponiona alipiga yowe, akiniita kwa jina la mtoto wetu.

"Eh, Papa Neema! Si uko mugonjwa Isangi? Mwamini alienda jana na pirogue kukuchukua!"

Akanionyesha barua. Mwandiko wangu, jina langu, tarehe hakuna. Niliisoma mara mbili na, nawaambia kweli, nikajishika paji la uso kuona kama nina homa.

Nami niliteremka na mtumbwi wa wafanyabiashara, nikimwogopea mke wangu kwenye maji yale kuliko nilivyowahi kujiogopea mwenyewe. Nilimkuta kituoni anapita kitanda kwa kitanda, anainua vyandarua. Akageuka, akaniona mlangoni, akanitazama kama mtu asiyenijua.

"Na mugonjwa iko wapi?"

"Mimi... nilipona."

"Wakati gani?"

"Kabla ya kuja ku nyumba."

"Donc, kumbe tulikula, tulicheka, na hukuniambia?"

Akakaa sakafuni, akalia. Kama ilikuwa hasira au furaha, hadi leo sielewi.

Sasa nimestaafu, na safari nyingi zimenichanganyikia kichwani. Sijui tena ipi ilitangulia ipi. Lakini jambo moja lilinisumbua miaka yote. Katika furushi lake kule Isangi niliona dawa, na chini ya dawa shuka jeupe, jipya kabisa. Majuzi, tukimenya mihogo, nikapata moyo wa kumuuliza: alikuja kuniuguza au kunizika?

Hakuinua macho.

"Nilikuja kukurudisha ku nyumba," akasema. "Vyovyote vile ningekukuta."