Ufunguo Chini ya Pini Nyekundu

Kama ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi kuliko hii niliyonayo humu. Jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu ambao wengi wao bado wako hai pale Kibimba. Baba mkwe wangu, ambaye hajawahi kukubaliana nami juu ya kitu chochote, hata juu ya hali ya hewa, hili analikubali. Na mimi ni mtu wa soko. Mayai nayahesabu mara mbili, mara ya kwanza yakiwa ya muuzaji na mara ya pili yakiwa yangu. Kwa hiyo nikikwambia siku ile tulikuwa sita na tukawa saba, ujue nimehesabu.

Ulikuwa mwaka ule watu walipovuka daraja la Rusumo na vitu vyao kichwani, Ngara ikajaa mpaka ukashindwa kujua nani mgeni wa nani. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Nyarubungo, Biharamulo, na baiskeli yenye mzigo wa chumvi na betri za tochi, nikajibanza kwenye soko lililoota lenyewe pembeni ya kambi. Pale ulikuta kila kitu: sufuria, cherehani, hata mlango mzima na bawaba zake.

Na kulikuwa na mama mmoja, wakimwita Mama Konsolata, aliyekaa mbele ya redio ya nyumbani. Si hizi redio za mkononi. Deki ya kaseti, amplifaya, na spika mbili za mbao, kila moja kubwa kama debe.

Nikamuuliza, "Mama, nani anakimbia na spika?"

Alinijibu kwa lugha yake, ambayo ni jirani wa karibu wa Kihangaza, lugha ya wenyeji wa Ngara, na Kihangaza nilikuwa nimejifunza kiasi cha kupunguziwa bei. "Mume wangu ndiye alinitwisha mimi na watoto. Akasema tangulieni. Yeye akarudi kufunga mlango."

Mimi sikuuliza zaidi, nilikuwa nimeshainama naikagua mali.

Tukaiunga kwenye betri ya gari. Spika ya kushoto ikaimba vizuri, ya kulia kimya. Nikatafuta ugonjwa na nikaupata. Ulikuwa kwenye ule waya wenye pini mbili, nyeupe na nyekundu, unaotoa sauti kwenye deki na kuipeleka kwenye amplifaya. Pini nyeupe ilikuwa imekaa. Nyekundu ilikuwa inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Ukiishika, spika inaimba. Ukiiachia, pini inainama, spika inanyamaza. Kila mtu aliyewahi kushika redio anajua kwamba huo si ugonjwa wa kuua. Ile pete ya nje ya pini imepanuka kwa kuchomekwa na kuchomolewa. Unaibana kidogo kwa plaizi, basi.

Lakini ningemwambia hivyo mtu anayetaka mbuzi wangu wawili, niliowapata kwa chumvi?

"Mama, redio hii ni ya upande mmoja," nikasema. "Upande mmoja, mbuzi mmoja."

"Haijaharibika," akasema. "Inamjua mwenyewe. Akiishika yeye, hainyamazi."

"Sasa mwenyewe nimngoje hapa?" nikacheka.

Ndiyo, nilicheka, sifichi. Akaangalia barabara inayotoka darajani, akaiangalia kwa muda, kisha akachukua kamba ya mbuzi mmoja.

Utauliza redio nilikuwa naitakia nini, mtu ninayelala kwenye turubai. Nilikuwa namtaka Jenerosa. Jenerosa ni binti wa Mzee Ladislaus wa Kibimba, naye mzee alikuwa ametaja ng'ombe watatu. Wawili niliwapata, nisiulizwe vipi. Wa tatu alinishinda, maana mwaka ule ng'ombe alikuwa anapanda bei akiwa bado anatembea barabarani. Na kulikuwa na dereva mmoja wa malori ya chakula, mwenye miwani, aliyekuwa ameshaonekana mara mbili akinywa maji kwa Mzee Ladislaus. Mtu hanywi maji mara mbili kwenye nyumba moja bure.

Nikamtuma mshenga wangu, baba mdogo Bonifasi, aseme kwamba ng'ombe wa tatu atakuwa redio. Majibu yakarudi: "Ng'ombe wangu lazima atembee kwa miguu yote. Mje na hiyo redio. Ikiimba kwa spika zote mbili tangu mtakapokaa mpaka pombe ya ndizi iishe kwenye mtungi, nitaihesabu ng'ombe. Ikichechemea, mrudi nayo, na binti atabaki hapa." Mzee alikuwa anajua kununua kuliko mimi. Ndipo nilipompenda.

Kabla ya kwenda niliibana ile pini kwa plaizi. Nikaibana kwa uchu, si kidogo kama nilivyokwambia, pete ikapasuka upande mmoja, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Nikaivika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikaifunga na mpira wa tyubu ya baiskeli. Ikashika. Nikaijaribu mara mbili. Ikashika mara zote mbili.

Tulipeleka taarifa kwamba tutakuwa sita, tukafika sita. Ilikuwa kiangazi, mvua hatujaiona miezi, na vumbi lilikuwa limetupaka wote wekundu mpaka magotini. Ndani tukakuta viti sita, mirija sita. Tukasalimia, shikamoo zikaitikiwa, tukakaa. Mimi, mwoaji, siruhusiwi kusema neno katika kikao kama hicho. Mimi! Nikawekwa karibu na redio kama fundi, nikafungua kaseti, spika zote mbili zikaimba. Nikawageukia wenzangu kuhesabu, tabia yangu tu.

Saba.

Nikarudia kwa majina. Baba mdogo, binamu zangu wawili, katekista wetu, jirani yetu, mimi. Sita. Nikarudia kwa vichwa: saba. Viti vilikuwa sita na hakuna aliyesimama. Wa saba alikaa karibu yangu, upande wa amplifaya, mwanamume mwembamba mwenye koti, mikono magotini. Nikajiambia ni mtu wa mzee, amekuja kuichunguza redio. Baadaye mzee aliniambia kwamba yeye alijiambia ni mtu wangu, fundi wa kweli. Unaona jinsi watu saba wanavyoweza kukaa kwenye viti sita bila mtu kulalamika? Kila upande uliogopa kumkosea adabu mgeni wa upande wa pili.

Baba mdogo akaanza kuongea, anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mtungi ulikuwa umefika katikati wakati ule mpira wa baiskeli ulipoteleza. Niliona kwa macho yangu pini nyekundu ikiinama polepole. Spika ya kulia ikakohoa, ikanyamaza.

Mzee Ladislaus akatoa mrija mdomoni. "Bonifasi," akasema, "ng'ombe wenu anachechemea."

"Ni jiwe tu kwenye kwato, mzee," akasema baba mdogo. "Kijana analitoa."

Nikachuchumaa, naisukuma ile pini ndani, inatoka, naisukuma, inatoka. Jasho lilinitoka mpaka kwenye kope. Nilikuwa nasikia nyuma ya pazia Jenerosa ameacha kupanga sahani.

Yule mtu akainama karibu yangu. "Usiisukume," akasema kwa ile lugha jirani ya Kihangaza. "Inyanyue."

Akavuta kamba shingoni, akatoa ufunguo wa kufuli, akautia chini ya pini, kati ya waya na meza, pini ikainuka kiasi cha unene wa ukucha. Spika ya kulia ikarudi. Niamini, ilirudi na nguvu ambayo sijawahi kuisikia, mpaka watoto wakaja dirishani.

"Asante, kaka," nikanong'ona.

Akaipapasa ile amplifaya kama mtu anavyompapasa mbwa wake. "Alikupa kwa bei gani?"

"Mbuzi mmoja," nikasema, na kwa kweli nilijisikia mjanja.

Akafikiri. "Hakuwahi kujua kuuza kwa bei ndogo, yule. Basi alikuwa na njaa."

Mimi sikumwambia niliinunua kwa nani. Sikumwambia mtu yeyote. Nikaangalia chini ili nisimwangalie usoni, na hapo ndipo nikaona viatu vyake. Vilikuwa na matope, matope mabichi ya masika, na mwaka ule watu walivuka daraja wakati wa masika.

Utasema kwa nini sikukimbia. Ningekimbia niende wapi, na Jenerosa yuko nyuma ya pazia? Nikakaa. Na ajabu ni kwamba baada ya muda woga ukaisha. Tulikaa bega kwa bega, mimi na yeye, tukisikiliza spika zote mbili.

Mtungi ukakauka. Mzee Ladislaus akaupindua kuhakikisha, akauchungulia tena, akasimama. "Nimehesabu miguu. Iko yote." Vigelegele vikapigwa nyuma ya pazia, nikageuka kumshukuru yule bwana. Tulikuwa sita. Viti sita. Chini, mbele ya redio, kulikuwa na alama mbili za viatu, na mama mkwe akawa anauliza, "Nani kaniletea matope kiangazi hiki?"

Siku ya nne mzee akairudisha redio kwa mkokoteni. "Nimekwisha mhesabu ng'ombe, neno langu halirudi," akasema. "Binti ni wako. Lakini redio yako ichukue. Tukiiwasha mchana, tukikaa kula, sahani zinapungua moja. Ng'ombe wako amekuja na mchungaji wake, na mimi mchungaji sikumtaja kwenye mahari."

Ufunguo ulikuwa bado uko chini ya pini. Nikautoa, nikachukua mbuzi wa pili, nikaenda kambini.

Mama Konsolata nilimkuta anapepeta mahindi mbele ya hema. Nikamwamkia, nikamwekea ufunguo kiganjani. Aliugeuza. Ulikuwa na jino moja lililovunjika, na kidole chake kikaenda pale moja kwa moja.

"Basi mlango aliufunga," akasema.

Akaufumba kiganjani, akaniangalia.

"Alisema nini?"

"Aliuliza uliniuzia kwa bei gani."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia."

Akacheka, mkono mdomoni. "Mbuzi mmoja! Atakuwa alikasirika."

"Hakukasirika, mama. Alisema basi ulikuwa na njaa."

Kicheko kikaisha. Akaufunga ufunguo kwenye ncha ya kitenge chake, mafundo mawili. Yule mbuzi nikamwacha kwenye kigingi, naye hakuniuliza ni wa nini.

Tangu siku ile hatujawahi kuzidi mtu mezani. Pini nyekundu inaanguka kama zamani. Redio tunayo, na ni kweli ningeweza kununua waya mpya, au kuikabidhi kwa fundi, kazi ya dakika moja. Sitaki. Jumapili tukitoka misani Jenerosa akitaka kusikia pande zote mbili, ninavuta kigoda, ninakaa karibu na amplifaya, ninainyanyua pini kwa kidole. Nikisinzia ananiita kutoka jikoni, "Baba Deo! Upande mmoja umekufa huku!" Nami nainyanyua. Miaka yote hii, na kidole changu kina alama. Sijawahi kufanya kazi nyingine kwa furaha hivyo bila malipo.

Ila mlango wangu sifungi, wala kufuli sina. Nimeibiwa mara mbili, jogoo na jembe, na nilihesabu yaliyobaki mara mbili. Redio hawakuigusa.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukinunua kitu kwa mtu aliye njiani, akakwambia kinamjua mwenyewe, usicheke kama nilivyocheka mimi. Na siku ikifika, Mungu aiweke mbali, mkeo na watoto wameshajitwika mizigo na wanakwambia twende, nenda. Mlango uache wazi.