Chupa Niliyoiosha Mwenyewe

Atieno binti yangu ndiye anashika kalamu. Mimi nasema. Shule niliachia darasa la nne, na macho sasa hayanisaidii.

Kabla ya haya nilikuwa na kazi mbili hapa mtaani Obunga. Asubuhi nilikaanga mifupa ya samaki, mbuta, ya kuuza. Mchana niliosha chupa za brandi na waini nilizookota mahotelini, nikampelekea Odera mwenye duka la pombe. Alisema zinarudi kiwandani. Lakini alitaka lebo iwe nzima na kifuniko chake kiwepo. Hapo ilifaa niulize. Sikuuliza.

Duka lake lilikuwa zuri, lazima niseme. Sakafu ya vigae. Friji tatu za bia. Waini zimelazwa kwa safu, nyekundu huku, nyeupe kule. Sisi wa chang'aa, pombe ya kupikwa mtaani, tukiingia mle tulipunguza sauti.

Wakwe walipotuma habari kwamba wanakuja ayie, ile ziara ya kwanza ya kumposa Atieno, nilisema chang'aa haiingii kwangu siku hiyo. Ijumaa nikaenda kwa Odera na dadangu Rose. Rose alizunguka akigusa kila chupa.

"Hii ya kifuniko cha dhahabu," akasema. "Wajue wamekuja kwa watu."

Odera akacheka. "Mama Atieno, hiyo ni ya wakubwa. Mtaiweza?"

"Wewe funga kwa gazeti, Odera. Sisi si wa jana."

Nyumbani Rose akasema hatuwezi kuwapa wakwe kitu hatujaonja. Tukaonja. Tukaonja tena. Mimi gilasi mbili, Rose tatu.

Jumamosi niliamka tumbo linakata, natapika maji ya kijani. Nikaona jikoni kumejaa moshi. Nikamwambia Baba Atieno afungue dirisha.

"Liko wazi," akasema. "Moshi gani? Hicho ni kichwa cha pombe tu."

Niliweka mkono mbele ya uso wangu. Weupe tu. Rose alikuwa chini kwa mkeka, anahema kama mtu ametoka kukimbia, na ukimwita haitiki. Wakwe walifika wakakuta tunabebwa. Wakasaidia kubeba hadi hospitali.

"Mama, mlikunywa nini?" daktari akauliza.

"Brandi. Ya duka, si ya mtaani."

"Hiyo si brandi. Ni spiriti ya viwandani imetiwa rangi."

Walinipa pombe safi kwa mpira wa puani, ati ndiyo inazuia ile mbaya. Wakasafisha damu kwa mashine. Nilijinyea, nikapanguswa na mtu nisiyemwona, na sikuona haya. Rose alikufa Jumapili, kitanda cha pili kutoka kwangu. Nilipoambiwa nilisema, "Sawa." Hata leo sijalia.

Baba Atieno alileta chupa daktari aione. Nikaomba kuishika. Shingoni kidole kilikuta pengo dogo. Nililijua. Lilinikata kidole gumba wiki ile ile, nikiisuuza, na kidonda kilikuwa bado kibichi. Nikamrudishia chupa.

Duka lilifungwa, likafunguliwa tena na jina lingine. Anayekaa pale ni Odera yule yule. Odera, nakutaja. Ulijua ulichojaza. Na wa pili ni mimi niliyekuoshea. Hapa Atieno amesimamisha kalamu. Nimemwambia aandike.

Nashukuru daktari yule. Nashukuru wakwe, walirudi baadaye, tukanywa chai. Jicho la kulia sasa linaona kivuli cha mtu mlangoni. Wewe unayesomewa haya, ukinywa kisha ukaona ukungu, usilale kungoja kupona. Kimbia hospitali. Rose tulimwacha alale, tukidhani ni kichwa cha pombe tu.

Na chupa ukiimaliza, ivunje.

Juzi kivuli kilisimama mlangoni, sauti ya Odera, ya heshima kabisa. "Mama, habari ya siku nyingi? Natafuta chupa."

"Ziko," nikamwambia. "Nyingi."

Nikamsukumia gunia. Alilinyanyua, likalia ndani, vipande vitupu. Akaliweka chini polepole, akaenda bila kuaga.