Dada Yangu Aliniagizia Pweza

Dada yangu alikuwa ameshaacha kula kwa mdomo ndipo alipoanza kunipeleka kwa Wahispania.

Mkahawa wao ni mdogo, uko Harborne, hapa Birmingham, kwenye barabara ya maduka, si mbali na hospitali alikokuwa akitibiwa saratani ya koo. Tulikuwa tumeupita mara nyingi bila kuutazama. Siku tuliyoingia mara ya kwanza tulikuwa tunatoka kwa daktari, naye alikuwa ametuambia kwamba uvimbe umeziba njia ya chakula na hawataukata. Mrija aliowekewa tumboni, wa kupitishia maziwa ya dawa, ndio angebaki nao. Tulitembea, manyunyu yakitulowesha. Dada akasimama mbele ya ubao ulioandikwa kwa chaki, akasoma, akacheka.

"Wana pweza hawa," akasema. "Mdogo wangu, pweza, Birmingham!"

Sisi ni watu wa Tanga. Mama yetu alikuwa akimtwanga pweza kwa mchi kabla ya kumchemsha, majirani wakidhani tuna ugomvi nyumbani.

"Twende ukale," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa."

Ndani mlikuwa na meza chache zenye karatasi juu badala ya vitambaa. Mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa yalikuwa yakining'inia juu ya kaunta. Dada akayatazama, akasema astaghfirullah, akachagua kiti kinachoyapa mgongo. Aliyetuhudumia alikuwa mwenyewe mwenye mkahawa, mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi. Mumewe alikuwa jikoni akipika, na sauti yake ilitufikia akigombana na masufuria. Dada akauliza ni vyakula gani visivyo na nguruwe wala mvinyo. Yule mama akavigusa kimoja kimoja kwa kidole kwenye orodha: pweza, dengu kwa mchicha, kamba wa vitunguu saumu, na mayai yaliyokaangwa na viazi mpaka yakawa manene kama keki.

Pweza alikuja juu ya kibao, amekatwa vipande, amelazwa juu ya viazi, na mafuta ya zeituni na unga mwekundu wa pilipili tamu. Dada akainamisha uso, akavuta harufu mpaka mabega yakapanda.

"Kula, nikuone."

Nikala.

"Amelainika?"

"Amelainika."

"Kama wa mama?"

"Wa mama alikuwa mgumu."

"Muongo wewe," akasema, akafuta macho.

Basi ikawa desturi. Kila tukitoka hospitali yeye huniagizia, mimi hula. Aliniuliza kila kitu: chumvi imekolea, kitunguu saumu kimeungua, dengu zimevunjika au bado zina moyo? Mkononi alikuwa na kikombe cha karatasi cha kutemea mate, maana hata mate yalikuwa hayapiti vizuri. Alizidi kukonda, koti likawa linamvaa yeye. Mimi nikanenepa, sketi zikakataa kufungwa. Kuna siku niliingia pale tumbo limejaa, na bado nikala, kwa sababu macho yake yalikuwa mdomoni mwangu, na nikiacha kijiko yalikuwa yanashuka mezani na kubaki pale.

Yule mama mwenye mkahawa alivumilia, kisha siku moja akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha kukatakata, mbona dada yangu hagusi kitu. Chakula chao hakimpendezi? Kabla sijajibu, dada akainua sweta, akamwonyesha mrija. Yule mama akaziba mdomo kwa mkono, akaenda jikoni, na zile kelele za masufuria zikakoma. Aliporudi alikuwa ameshika bakuli la supu ya samaki iliyochujwa, haina hata punje. Alidhani labda hiyo itapita. Dada akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini ya kidevu, akakaa hivyo mpaka mvuke ukaisha. Kisha akamrudishia.

"Ahsante," akasema. "Nimeshiba."

Dada alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Siku moja alikuja kutuchukua kwa gari, akatukuta mezani, mimi mdomo umejaa, mamake ananitazama.

"Auntie, haya ni mateso," akaniambia kwa Kiingereza. "Unakulaje mbele yake?"

"Mimi ndiye ninayemlisha," dada akajibu. "Keti, nawe nikulishe."

Binti hakuketi. Alitusubiri nje, mvuani, mgongo wake umegusa kioo cha dirisha.

Baada ya hapo dada akaanza kutafuna. Alichukua kipande kimoja tu, akakitafuna taratibu mpaka kikaisha ladha, kisha akakitema kwenye karatasi ya kufutia mikono na kuikunja vizuri. Madaktari walikuwa wamemkataza kumeza, kutafuna hawakusema. Lakini mara ya pili, mume na mke waliokaa meza ya jirani waliweka uma chini, wakamwita mwenye mkahawa, wakamnong'oneza. Mama mwenye mkahawa akatujia akipangusa mikono kwenye aproni ingawa mikono yake ilikuwa mikavu. Akasema samahani, kuna meza kule nyuma, karibu na mlango wa jikoni, pengine itakuwa na utulivu zaidi.

Nikasimama nichukue mikoba tuondoke. Damu ilikuwa imenipanda.

"Kaa," dada akasema.

"Wanatuficha kama uchafu."

"Najua. Tukiondoka, tutakwenda wapi?"

Tukahamia nyuma.

Pale nyuma ndipo ilipotokea. Ilikuwa mchana, mkahawa hauna watu. Nilikuwa ninakula yale mayai na viazi. Dada akachukua uma mkononi mwangu, akakata kipande, akakitafuna kwa muda mrefu. Nikamsogezea karatasi. Hakuichukua. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, akameza.

Kikohozi hakikuja hapo hapo. Kwanza alikaa ametulia, mkono kifuani. Kisha uso ukabadilika, akawa anatafuta hewa, meza ikapinduka. Mpishi alitoka jikoni mbio na kumwinamisha, akimpiga mgongoni, na mkewe akaita gari la wagonjwa huku akilia kwa lugha yao. Kipande kilitoka, lakini si chote. Hospitalini wakasema chakula kimeingia kwenye mapafu.

Aliishi siku chache tu. Siku moja alijivua kinyago cha hewa aniambie kitu, nikainama.

"Vile viazi vina vitunguu ndani," akasema. "Vitamu. Mbona hukuniambia?"

Nikamwambia sikujua kwamba vitunguu vina maana kwake. Akarudisha kinyago.

Tulimwosha mimi na bintiye, pamoja na mwanamke mmoja wa msikitini aliyekuwa akituelekeza. Tumbo lilikuwa limeshikana na mgongo. Binti alimimina maji pale alipoonyeshwa, hakuniangalia hata mara moja. Nyumbani watu walikuja na pilau, na biriani, na sahani za tende, kwa kuwa ndivyo watu wetu wanavyofanya, na kila aliyeingia aliniambia nile, nipate nguvu. Nilikaa na sahani mapajani mpaka mchuzi ukaganda.

Kwa muda mrefu binti hakunipigia. Iddi ilipofika alinitumia ujumbe wa maneno mawili, nami nikamjibu kwa mawili. Kisha Jumapili moja akagonga mlango, bado na nguo za kazi, akaketi jikoni kwangu bila kuvua koti.

"Kile chakula kilimteleza tu?" akauliza, kwa Kiswahili, polepole, kama anayevuka sakafu yenye maji. "Au alitaka?"

"Alinitazama kwanza," nikamwambia. "Kisha akameza."

Nikampa chai, akainywa yote. Akaosha kikombe mwenyewe, akakifudikiza juu ya kitambaa, akasema lazima aende, kesho ana zamu ya asubuhi. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Hakunikumbatia, na mimi sikumshika.