Siku Nilipokubali Apdeti

Juzi nilipita Darajani nikaona kibanda cha fundi wa gemu sasa kinauza makava ya simu. Nikasimama pale pale, rafiki yangu, nikajiona nina miaka kumi tena.

Fundi yule ndiye aliyeifungua mashine ya gemu ya kaka yangu akaitia chipu, ndogo kuliko punje ya mchele. Waliotengeneza mashine waliweka kufuli isome CD zao tu, yeye akalivunja. Tokea hapo ikakubali CD za kuchoma, nakala za bei ndogo, zile za mfuko wa nailoni zenye jina la gemu lililoandikwa kwa kalamu. Kaka alifanya kazi hotelini Kiwengwa, akirudi kila Ijumaa, na kila akiondoka alituachia mimi na bibi amri moja: "Ikikuulizeni apdeti, kataeni." Apdeti moja tu, yaani programu mpya ya wenye mashine, ingefunga kila alichofungua fundi, na safari hii isifunguke tena.

Basi Sikukuu ikaja, na shangazi akaja kutoka Maskati. Akaniletea CD orijino, ndani ya boksi lake, inanukia upya. Akakaa mkekani na kikombe cha kahawa na kipande cha halua, anangoja anione nacheza. Nikaitia. Mashine ikauliza: apdeti, au gemu hii haichezeki.

"Mbona huichezi, mwanangu? Hukuipenda?"

Utaikataaje zawadi mbele ya mwenye kuitoa? Nikabonyeza ndiyo.

Ya shangazi ikacheza vizuri sana. Alipoondoka nikajaribu CD za kaka, moja baada ya moja, zote zikakataliwa. Ilikuwa Jumanne. Siku tatu, kila pikipiki iliyoingia kichochoroni ilinipeleka dirishani, nikidhani ni kaka. Nilimwogopa kaka, lakini zaidi niliogopa asiniamini tena. Bibi akaniangalia, akasema, "Mficha maradhi, kilio humfichua." Nikamwambia yote, uso nimeuficha kwenye kanga yake.

Ijumaa kaka akarudi, akaiwasha.

"Nani kaigusa hii?"

"Mie," akasema bibi, ambaye hata kuiwasha hakujua. "Nlikuwa nnapangusa vumbi. Ikaniuliza, nkaitika naam."

Kaka akamtazama, akanitazama na mimi. "Haya, bibi." CD zake akazitia kwenye katoni, hakuzigusa tena. Bibi ameshatangulia mbele ya haki, na kaka sijamwambia mpaka leo.

Mashine za siku hizi hazivunjwi kirahisi. Hazichezeki mpaka uingie kwa jina lako na namba ya siri, na kila unachobonyeza zinakiandika. Siwalaumu wenye kuzitengeneza, mali ni yao. Ila wiki iliyopita mwanangu alifuta gemu ya dada yake, akasimama nyuma yangu dada mtu akiuliza nani kaifuta. Nikafungua kinywa niseme ni mimi. Jina la aliyefuta lilikuwa tayari liko kwenye kioo.