Nilivyonunua Ndizi Zangu Mwenyewe

Kabla hamjaisikia kwa Mama Neema, ambaye huwa anaisimulia akiwa amesimama na sauti zote anaziigiza, bora niiseme mwenyewe: ni kweli, mimi, mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne na mvi tatu kidevuni, nilinunua mkungu wa ndizi nilioukata kwenye shamba langu mwenyewe, nikaulipia zaidi ya nusu ya mshahara wangu wa mwezi mbele ya usharika mzima, na kesho yake nusura niwakoseshe wenzangu wote nyongeza. Ndiyo maana kazini siku hizi naitwa Soko Huria. Nimezoea. (Sijazoea.)

Mnanijua, mimi si mtu wa mikutano. Kazi yangu ni kupima urefu wa vikonyo vya waridi kwenye banda la kufungia maua, huku chini ya Nkoaranga, na kazi ikiisha napanda kilima changu, nakaa kwenye kiti changu cha kamba nyuma ya jiko, nasubiri mtori wa ndizi na nyama, na ukinitafuta mahali pengine umepotea njia. Lakini mwaka huu wafanyakazi tulipoamua kudai nyongeza akatafutwa mtu mwenye mwandiko mzuri wa kuandika barua kwa kampuni, wakaniona mimi. Nikaiandika siku tatu. Kulikuwa na sentensi moja humo ambayo nilipoimaliza nilisimama nikazunguka kiti: "Mshahara wa siku wa mfungaji maua haununui hata mkungu mmoja wa ndizi, na ndizi zenyewe zinaota nje ya geti."

Sasa barua ikatakiwa isomwe mbele ya wafanyakazi wote, na aliyeisoma si mimi, ni Penieli, mwenyekiti wetu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Penieli ni mrefu, anaimba besi kwaya kuu, na shati lake hupigwa pasi mpaka mgongoni (sisi wengine tunapiga mbele tu, nyuma kuna koti). Alipofika kwenye ile sentensi yangu akanyamaza kidogo, akawaangalia watu, ndipo akaishusha kwa besi, na banda zima likalipuka kwa vigelegele.

Mama Neema, mke wangu, yuko banda hilohilo, upande wa kupogoa majani. Jioni akawa anachochea moto anatikisa kichwa peke yake. "Penieli ana maneno," akasema. "Umeisikia ile ya ndizi?"

Nikamwambia ile ya ndizi niliiandika mimi.

"Najua. Lakini si uliona alivyoisema?"

Tangu siku hiyo nyumbani kwangu tukawa tunaishi wanne, Penieli akiwemo. Kampuni ikitoa tangazo kwamba mishahara hupangwa na soko huria na si na mtu, nikikaa kula naambiwa Penieli amesema soko gani hilo ambalo faida ikipanda inakwenda ng'ambo na ikishuka inashukia huku kilimani. Ukweli lilikuwa neno zuri, na ndilo lililoniuma, maana nililitafuta kwenye barua siku tatu sikulipata. Hata Neema, wa darasa la sita, akaniuliza kwa nini na mimi sisemi kama mjomba Penieli. Mjomba! Wa ukoo upi?

Kikao na afisa utumishi wa kampuni kikapangwa Jumatatu, na Jumapili yake ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kwetu mnajua inavyokuwa, kila nyumba inapeleka kanisani kilicho bora, kahawa, kuku, maharage, mkungu, na ibada ikiisha vitu vinauzwa kwa mnada pale uwanjani ili kanisa lipate fedha. Mama Neema akanituma nikate ule mkungu mkubwa wa mshare, ndizi zetu za kupika, wa karibu na mfereji, nikaubeba begani kwa kile kinjia cha kupanda, nikaufikisha nikiwa nimelowa kama aliyebatizwa upya.

Mimi baraka ikishatolewa huwa nimeshafika nusu ya njia ya nyumbani. Siku hiyo nikamwona Penieli anasogeza kiti mbele kabisa, karibu na akina mama, nikaamua nibaki kidogo. Uamuzi wenyewe ndio huo. Mkosi wote uliofuata ulitoka hapo.

Mzee Elisa, mzee wa kanisa anayeendesha mnada, akauanzisha mkungu wetu kwa elfu tano, mama mmoja akasema nane, kisha Penieli akasimama. "Kumi na tano," akasema, "na nikiupata namtunuku Mama Neema, maana hata bandani kazi yake tunaiona."

Nieleze kidogo hapo. Kwenye minada yetu aliyenunua anaruhusiwa kumtunuku mtu, mchungaji, bibi yake, yeyote, na hakuna anayewaza baya. Nalijua hilo tangu Shule ya Jumapili. Lakini Mama Neema alijifunika mdomo kwa kitenge akacheka, na kicheko kile nilikuwa nakikumbuka, ni cha zamani, cha kabla ya Neema, nilidhani kimekwisha kumbe kilikuwa kimehifadhiwa mahali.

Nikasikia mtu anasema "Ishirini," watu wakageuka, nikagundua ni mimi.

Penieli akatabasamu akasema ishirini na tano. Nikasema thelathini. Yeye alidhani tunatania kama watu wa kwaya wanavyotania, anapandisha huku anacheka, na kila akicheka mimi napandisha nikiwa nimekunja uso, Mzee Elisa anazunguka na fimbo yake anatuambia Bwana anawapenda watoaji wachangamfu (alikuwa ananiangalia mimi). Tulipofika themanini na tano Penieli akaacha kucheka, akaniangalia vizuri, akakaa. Nilikuwa nimeshasema tisini. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, makofi.

"Na wewe unamtunuku nani, Baba Neema?"

Sikuwa nimefikiria. Nikasema Mama Neema. Kwa hiyo mkungu uliotoka kwa Mama Neema ukarudi kwa Mama Neema, nikalipa palepale kwa simu, nikauinua tena begani. Kabla sijaondoka mtu wa safu ya mbele akaja kunipa mkono, na alikuwa afisa utumishi wetu mwenyewe (anaishi Kimandolu, huko mjini, lakini mkewe ni wa kwetu, sikukuu ya mavuno huwa wanapanda huku kilimani). "Hongera," akaniambia, "naona mambo si mabaya." Na mimi, jamani, nikafurahi. Nikamtafuta Penieli kwa macho nione kama ameuona ule mkono.

Njiani, tulipofika mferejini, Mama Neema akasimama. "Umeuza ng'ombe gani?" akauliza. Hatuna ng'ombe.

Jumatatu tukaingia ofisini wawakilishi saba, wenzetu wakitusindikiza kwa macho kutoka mlangoni mwa banda. Penieli akasimama kusoma barua. Akafika kwenye ndizi, akanyamaza kidogo kama kawaida yake, akaishusha, na afisa utumishi akainua kidole.

"Samahani. Hiyo sentensi ameiandika nani?"

Na Penieli, kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze, akanipa haki yangu. "Aliyeandika ni Baba Neema, huyu hapa," akasema kwa besi yote. Wiki nzima nilikuwa naliomba hilo kwa Mungu.

Afisa akaegemea kiti. Akasema jana yeye mwenyewe alimwona Baba Neema akinunua mkungu mmoja, mmoja tu, kwa elfu tisini, na akampa mkono. "Hilo ndilo soko huria, ndugu zangu. Bei ni ile mtu anayokubali kulipa, na mtu hulipa kwa sababu anacho." Akafunga faili. Hakulifunga kwa hasira, alilifunga taratibu kama anayefunika sufuria ya wali ulioiva, na wenzangu sita wakanigeukia. Mama mmoja wa idara ya umwagiliaji, mjane, ana wanne shuleni, alinitazama tu.

Ningeweza kudanganya kwamba fedha ilitumwa na kaka yangu aliyeko Dar. Nilishaanza hata kumpa kaka jina. Nikamwona tena yule mama.

"Sikuwa nacho," nikasema.

"Sasa ulilipaje?"

"Kwa wivu, bosi." Na kwa kuwa nilishaanza nikamaliza, kwamba namwonea wivu huyu mwenyekiti, kwamba mke wangu alimchekea, kwamba ndizi zenyewe ni zangu, nilizikata mimi, na kwamba mpaka mwisho wa mwezi nyumbani tutakula mkungu huo na chumvi.

Katibu muhtasi aliyekuwa anamimina chai ndiye aliyeanza kucheka. Kisha akacheka afisa, wakacheka wote mpaka yule mjane akajifuta macho. Penieli peke yake hakucheka. "Mimi?" akaniuliza polepole. "Mimi naishi chumba kimoja, Baba Neema."

Kisha akamgeukia afisa, na hapo ndipo aliponimaliza. "Bosi, jana bei ilipanda kwa sababu tulikuwa wawili tunashindana. Huku kilimani kazi yetu anainunua nani zaidi ya kampuni? Mnunuzi ni mmoja. Mnunuzi akiwa mmoja huo si mnada, bosi, ni kupangiwa."

Faili likafunguliwa. Nyongeza ilikuja mwezi uliofuata, ndogo, lakini ilikuja, na watu wakaiita nyongeza ya ndizi, wakambeba Penieli juujuu kulizunguka banda. Neno lile alilipata kutoka kwenye aibu yangu, bado makofi yakawa yake. Mimi niliwekwa kando nikashikilia koti lake.

Jioni ya Jumatatu ile nilimkuta Mama Neema anamenya mshare, habari zimeshamfikia zote. Nilitegemea anirushie kisu. Akanikatia ndizi moja mbivu iliyokuwa imetangulia wenzake, akanipa.

"Wewe na Penieli mshahara wenu ni mmoja," akasema, "chumba chake kinavuja na bado unamwonea wivu. Mwenye kampuni hata jina lake hulijui."

Basi nimekoma. Siku za mnada baraka ikitolewa natangulia, na nikizuiliwa nakalia mikono yangu yote miwili. Na ule wivu nimejaribu kuuelekeza alikonionyesha mke wangu: lori la maua likitoka getini kwenda uwanja wa ndege huwa nasimama nalikazia macho mpaka linapotelea kwenye vumbi. Najitahidi sana. Ila lori liko mbali, na Penieli anaimba palepale bandani, meza ya pili kutoka yangu, shati limenyooka mpaka mgongoni.