Mama Alivyomfundisha Kaka Kusalimia

Mama yangu ni fundi cherehani, lakini kazi yake kubwa kuliko zote ni kaka yangu. Kaka ana miaka thelathini na minne na ana usonji. Mtaani wanamwita Saa Sita, kwa sababu chakula cha mchana kikichelewa hata dakika mbili baada ya saa hiyo, nyumbani hapakaliki.

Shule ilikaa naye mpaka alipotimiza miaka kumi na minane, ikafunga mlango. Nadhani wakubwa waliopanga hivyo waliamini usonji ni kama meno ya utoto, unang'oka wenyewe. Tangu hapo kaka anashinda chini ya meza ya kukatia vitambaa akipanga vifungo kwa rangi, na Mama anashona huku jicho moja liko kwake.

Alimfundisha pia. Aliapa kwamba mwanawe hatachekwa na mtu. Alimwambia: kama huwezi kumtazama mtu machoni, mtazame kwenye paji la uso. Mpe mkono, hesabu moja mpaka tatu, achia. Uliza za nyumbani. Salamu hiyo moja iliwachukua miaka minne.

Mwaka huu nyonga ya Mama ikagoma. Daktari alisema apasuliwe, kisha alale wiki sita, la sivyo hatatembea tena. Mimi nashinda duka la dawa tangu asubuhi, sasa kaka angebaki na nani? Ndipo tukasikia kimefunguliwa kituo cha kutwa cha watu wazima wenye usonji, nafasi kumi kwa mji mzima. Afisa ustawi wa jamii angewasaili waombaji mmoja mmoja.

"Mama, safari hii muache alivyo," nilimwambia.

"Nimpeleke ofisini kwa watu hana adabu? Watasema sikumlea."

Alimfanyisha mazoezi majuma mawili. Siku yenyewe kaka alivaa shati lililopigwa pasi likakakamaa, akaingia, akampa afisa mkono, moja mpaka tatu, akauliza za nyumbani. Afisa, mwanamke mpole mwenye fomu ya kurasa tatu, alifurahi.

"Unaweza kupika chai?"

Kaka alimweleza hatua kwa hatua, hata swichi ya jiko inageuzwa upande gani. Hakusema, kwa kuwa hakuulizwa, kwamba sufuria ikiwa si ile ya bluu hapiki kitu. Atasimama pale pale na jiko linawaka.

"Hongera, Mama," afisa alisema akitia alama kwenye fomu. "Umefanya kazi kubwa. Huyu anajitegemea."

Mama akatabasamu. Miaka yote hiyo hakuna ofisi iliyowahi kumpa hongera, na jinsi alivyoipokea iliniuma. Nikaingilia. Nikasema mwezi uliopita taa za barabarani ziliharibika, kaka akasimama njia panda saa tatu nzima juani, asijue avuke au arudi, mpaka nilipomfuata.

"Dada, nimemwona kwa macho yangu," afisa alinijibu taratibu. "Unataka niandike uongo? Wapo wenye hali mbaya zaidi. Jaribuni tena mwakani."

Ukiwauliza wakubwa watakwambia huduma zimeboreshwa. Ni kweli zimeboreshwa. Zamani tulikuwa tunakataliwa mlangoni. Siku hizi tunakaribishwa kiti kwanza. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Nyumbani kaka alitambaa chini ya meza, akajiuma mkono mpaka ukavimba. Siku mbili hakugusa chakula, na saa sita zote mbili zilipita akiwa amefumba macho. Hayo afisa hakuyaona, maana ofisi yake hufungwa saa kumi.

Siku ya tatu Mama alimketisha kando ya cherehani.

"Mwanangu, mwakani tutarudi kwa yule mama. Tukifika usimpe mkono. Usimsalimie. Kaa kimya tu."

Kaka alimtazama kwenye paji la uso.

"Nimekosea wapi, Mama?"

Mama akamwambia hajakosea popote, amefanya vizuri sana. Kisha akaniomba simu, akapiga hospitali, akawaambia nafasi yake ya upasuaji wampe mtu mwingine.